Naambiwa mimi ni menejimenti, ovataimu hainihusu. Je, ni kweli?

SWALI: Shikamoo mama wakili. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Mbagala na mke na mtoto mmoja. Nina miaka miwili na nusu katika kampuni ya kukodisha magari, tawi la Barabara ya Nyerere, si mbali na uwanja wa ndege. Tuko wanne: meneja wa tawi, mimi meneja msaidizi, dada wa kaunta na kijana wa kuosha magari. Madereva ni deiwaka, wanaitwa kazi ikitokea. Tunafungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 1:30 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Chakula cha mchana nakula kaunta huku nikihudumia wateja. Mara mbili kwa wiki, wakati mwingine zaidi, napigiwa simu nikamkabidhi gari mteja anayeshuka na ndege ya usiku wa manane, na saa 1 asubuhi natakiwa niwe nimefungua ofisi. Mshahara wa msingi ni shilingi 585,000. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, umeshahuishwa mara mbili, na una kifungu kinachosema mshahara "umejumuisha saa zote za ziada". Mwezi uliopita nilikatwa 120,000 kwa mkwaruzo wa bampa ambao sikuuona gari liliporudishwa usiku. Nikiulizia ovataimu najibiwa kwamba mimi ni menejimenti. Mke wangu anataka niache kazi. Nina haki gani, na nianzie wapi bila kibarua kuota nyasi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa jinsi ulivyoieleza kazi yako, ninaamini sheria ya saa za kazi inakuhusu, na jibu la "wewe ni menejimenti" halitoshi kuiondoa. Lakini kabla ya cheo, tuhesabu saa, kwa sababu wengi wanaokuja kwangu hulalamika kwamba wamechoka na hawana hesabu mkononi, na mwajiri huwashinda hapo hapo.

Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1:30 jioni ni saa 12 na nusu. Kwa siku sita ni saa 75. Mwajiri wako atasema toa saa moja ya chakula kila siku, zibaki 69. Asiseme haraka hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366, inamtaka ampe mapumziko ya dakika 60 au zaidi mtu yeyote anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Mapumziko hayo hayalipiwi pale mfanyakazi anapokuwa huru kweli. Akitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi katika muda huo, muda huo unalipwa. Wewe unakula wali huku ukipokea leseni na dipoziti za wateja. Hapo hujapumzika, umefanya kazi. Kwa hiyo mimi ninahesabu 75.

Sheria hiyo hiyo inasema kazi ya kawaida isizidi siku 6 na saa 45 kwa wiki, wala saa 9 kwa siku. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, na haziwezi kupita 50 katika kila majuma manne. Hata mkikubaliana, siku moja haiwezi kubeba zaidi ya saa 12. Wewe una saa 30 za ziada kila wiki, yaani 120 kwa majuma manne, na kila siku unapita ukomo wa saa 12 kwa nusu saa kabla hata simu ya usiku haijalia.

Kuna lingine ambalo watu wa kazi yako hawalioni. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena kesho yake, mfanyakazi anastahili saa 12 mfululizo za kupumzika. Kutoka saa 1:30 jioni hadi saa 1 asubuhi ni saa 11 na nusu. Maana yake ratiba ya tawi lenu, kama ilivyobandikwa ukutani, ina kasoro hata katika wiki isiyo na ndege. Mapumziko hayo yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, lakini ni pale tu ambapo saa za kazi zinakatwa katikati kwa mapumziko ya saa tatu au zaidi, au mfanyakazi anaishi hapo hapo kazini. Wewe huna lolote kati ya hayo. Na kila juma unastahili saa 24 za mapumziko, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ukiitwa uwanjani, Jumapili yako nayo imeguswa.

Sasa chukua usiku wenye ndege. Umeamka saa 11 alfajiri ili uwahi foleni ya Kilwa Road. Mteja anatua Terminal 3 saa 6 usiku, anapita uhamiaji, anasubiri mizigo, mnazunguka gari pamoja na tochi ya simu, anasaini. Wewe umeshakuwa macho zaidi ya saa 19, na bado una safari ya kurudi Mbagala, pengine ukiwa umeshika usukani wa gari la kampuni. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini kama mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa takriban asilimia 35, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Wewe una 75. Una miaka 29 na mtoto mdogo. Naomba hili ulichukulie kwa uzito kuliko fedha nitakazozitaja hapa chini.

Tuje kwenye cheo. Sheria kweli inawaondoa baadhi ya watu kwenye kinga ya saa za kazi, lakini inawaeleza kwa kazi yao: ni mfanyakazi anayewasimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri, na ambaye anaripoti moja kwa moja kwa mtu wa menejimenti ya juu. Menejimenti ya juu hapo ni yule anayetunga sera za kampuni na mwenye mamlaka ya kusaini mkataba wa hali bora, yaani makubaliano na chama cha wafanyakazi, kwa niaba ya mwajiri. Masharti hayo yanakwenda pamoja. Mtu akikosa moja, kinga inabaki naye.

Jiulize kwa ukweli. Nani anampangia dada wa kaunta likizo? Kijana wa kuosha magari akichelewa siku tatu, barua ya onyo anaisaini nani? Je, unaweza kumwita deiwaka na kumlipa bila kumuuliza mtu? Ukijibu kwamba yote hayo ni ya meneja wa tawi, na wewe siku nzima unaandika mikataba, unakagua matairi na mafuta, unapeleka gari hotelini Masaki na kuosha magari kijana asipokuja, basi sioni usimamizi wa kukutoa kwenye sheria. Hata kama unawasimamia kidogo, unaripoti kwa meneja wa tawi, ambaye hatungi sera ya kampuni. Sharti la pili limekosekana.

Nikuonye upande wa pili pia. Kama meneja wa tawi hayupo kwa miezi, unaripoti kwa mkurugenzi mwenyewe, unaidhinisha likizo na kutoa maonyo, hali inabadilika na mwajiri atakuwa na hoja. Uliponieleza kazi yako hukusema hivyo. Ila usije ukasaini barua mpya ya majukumu inayokupa mamlaka ya karatasi bila kuisoma, maana waajiri wengine hurekebisha karatasi baada ya malalamiko, na kazi ikabaki ile ile.

Kifungu cha "mshahara umejumuisha saa zote za ziada" ninakiona dhaifu sana. Viwango vya ajira vilivyowekwa na sheria vinahesabika kuwa sehemu ya mkataba wako hata visipoandikwa. Mkataba unaweza kukupa zaidi ya sheria, na pale tu sheria inaporuhusu ndipo makubaliano yanaweza kubadili kiwango. Saa ya ziada inalipwa angalau mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Kifungu kisichosema ni saa ngapi na zinalipwa kiasi gani hakiwezi kuonyesha kwamba kiwango hicho kimefikiwa.

Hesabu yenyewe sheria imeionyesha. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Saa 45 mara 4.333 ni 195 kwa kukadiria. Gawa 585,000 kwa 195: saa yako moja ni shilingi 3,000, na saa ya ziada ni 4,500. Saa 30 za wiki ni 135,000, na majuma manne ni 540,000. Mwajiri akishinda hoja ya chakula na kubaki na saa 24, bado ni 432,000. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezewa asilimia 5, kwa hiyo saa ya ziada ya usiku ni 4,725. Siku ya mapumziko na sikukuu, Sabasaba kwa mfano, saa inalipwa mara mbili: 6,000. Mwajiri akisema saa zilizozidi 50 hazilipwi kwa kuwa sheria inazikataza, mjibu kwamba yeye ndiye aliyeziagiza na kuzipokea. Ndivyo ninavyoisoma sheria, na ndivyo ningekutetea.

Huenda wakakutajia utaratibu wa siku ya saa 12 bila ovataimu. Upo, lakini unataka makubaliano ya maandishi, siku zisizozidi 5 kwa wiki na saa za kawaida zisizozidi 45. Nyie mnafanya siku sita, kwa hiyo hauwafai.

Kuhusu ule mkwaruzo wa bampa, hapa nina uchungu kidogo, kwa sababu nimeona makato haya kwa watu wa kaunta na madereva yakifanywa kwa simu tu: "tumekukata". Sheria inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara, lakini kwa masharti. Awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Mwajiri awe amemweleza kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata, kisha ampe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Robo ya mshahara wako ni 146,250, kwa hiyo 120,000 haijavuka hapo. Lakini kama hukusaini kukubali na hukuonyeshwa ankara ya fundi, makato hayo hayana miguu. Uliza pia: dipoziti ya mteja ilikwenda wapi? Kama mteja alilipia mkwaruzo kutoka kwenye dipoziti, kampuni haina hasara ya kukudai. Na kuanzia leo kila gari linaporudi lipige picha pande zote nne pamoja na paa na rimu, mteja akiwa bado amesimama hapo. Akirudisha usiku mahali penye giza, andika kwenye fomu ya makabidhiano kwamba ukaguzi kamili utafanywa asubuhi, na asaini.

Sasa nianze na ulichokiuliza mwisho: nianzie wapi.

Anza na daftari. Kila siku andika saa uliyofika, saa uliyoondoka, kama ulipata kutoka kwenda kula, na kila wito wa usiku: saa uliyopigiwa, saa uliyomaliza, namba ya mkataba wa gari. Hifadhi ujumbe wa WhatsApp unaokuagiza uende uwanjani. Fomu za makabidhiano zina saa na saini. Hizo ni ushahidi mzuri kuliko maneno. Lakini usipige picha pasipoti na leseni za wateja ukazihifadhi kwenye simu yako. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na usimpe mwajiri sababu ya kukushitaki wewe badala ya kujibu hoja yako. Namba ya mkataba na saa vinatosha. Mwajiri naye ana wajibu wa kutunza kumbukumbu za ajira na malipo, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, inaweza kumtaka azilete.

Baada ya majuma manne ya daftari, nenda kwa meneja wa tawi ukiwa na ratiba mkononi. Ninasisitiza ratiba, kwa sababu biashara yenu ina ugumu wake halisi. Gari linalotakiwa kurudi saa 10 jioni linakwama Kimara au Chalinze. Jumamosi magari ya harusi yanatoka yote kwa mpigo. Ndege hazipangwi na meneja wako. Meneja anayebanwa na makao makuu husikia neno "haki" akaona vita. Akiona karatasi inayofanya tawi liendelee kufunguka, huwa anasoma.

Ratiba yenyewe inawezekana hata kwa watu wachache. Mmoja aingie saa 1 asubuhi atoke saa 9:30 alasiri, mwingine aingie saa 5 asubuhi atoke saa 1:30 jioni, kila mmoja na saa nzima ya chakula. Hiyo ni saa 7 na nusu za kazi kwa siku, na kwa siku sita ni 45 kamili. Kuanzia saa 5 hadi 9:30 mko wawili, kwa hiyo mmoja anakula mwingine akiwa kaunta. Mnabadilishana kila juma, na meneja wa tawi anaingia kwenye zamu pia mmoja akiwa likizo. Ndege ya usiku achukue aliye zamu ya mchana, na akimaliza saa 8 usiku asiingie kazini kabla ya saa 8 mchana. Au kampuni imtoze mteja ada ya makabidhiano ya usiku na kumlipa dereva deiwaka aliyelala mchana. Wateja wa miradi na wa maofisini hulipa ada ya namna hiyo bila ubishi ikiandikwa kwenye nukuu ya bei tangu mwanzo. Omba pia usafiri wa kurudi nyumbani usiku. Kukulipa bodaboda hadi Mbagala saa 8 usiku si hisani.

Asipokujibu ndani ya wiki mbili, andika barua fupi kwa ofisi ya rasilimali watu: kazi unayoifanya, saa zako, hesabu yako, makato ya 120,000, na unachoomba. Usitukane, usitishie. Peleka nakala mbili, ya kwako isainiwe kwamba imepokelewa.

Ikishindikana hapo, una milango miwili. Afisa Kazi wa serikali anaweza kufika kazini, kukagua kumbukumbu na kutoa amri ya utekelezaji kwa mwajiri. Mlango huu unafaa kama unataka ratiba ibadilike kwa wote. Mlango wa pili ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1. Unaweza kwenda mwenyewe, au na chama cha wafanyakazi kama TUICO au COTWU. Kwanza mtakaa na msuluhishi, na kesi nyingi za fedha zenye hesabu safi huisha hapo. Zisipoisha zinakwenda kwa mwamuzi. Muda ni mfupi: siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na siku 30 tu kama ni kuachishwa kazi. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na hazikubaliwi kila mara. Ndiyo maana sitaki ukae mwaka mwingine ukisubiri wajionee wenyewe.

Najua hofu yako. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria ni uachishaji usio halali, na wewe umeshapita miezi sita ya mwanzo ambayo kinga hiyo haiwafikii wapya. Katika mikataba ya mwaka mmoja mmoja, hata hivyo, mwajiri hahitaji kukufukuza. Anaweza kungoja mkataba uishe akanyamaza. Sheria imeliona hilo pia: kutohuisha mkataba wa muda maalumu pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishwa kunahesabika kuwa ni kuachishwa. Matarajio yanahitaji kitu cha kushika. Mkataba kuhuishwa mara mbili ni mwanzo mzuri, ongeza barua za pongezi, ujumbe wa meneja unaokupangia kazi za mwaka ujao, mafunzo waliyokulipia. Vikusanye tangu sasa. Na kama mkataba umebakiza mwezi mmoja au miwili, ningeanza na mazungumzo ya ratiba, barua ya madai nikaiweka tayari mezani; kwa kuwa siku 60 zinahesabika, usiiache ipitwe.

Mke wako ana haki ya kuchoka. Yeye ndiye anayekusubiri saa 9 usiku. Mwonyeshe daftari na umwombe miezi mitatu ya kulijaribu hili. Likishindikana na ukaamua kuondoka, usitoke kwa hasira ukaacha funguo kaunta. Soma kwanza mkataba wako wa muda maalumu unasema nini kuhusu kuuvunja kabla ya wakati, kisha toa notisi ya maandishi, isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kabidhi magari, funguo na fomu kwa orodha iliyosainiwa ili mkwaruzo wa kesho usiandikwe kwa jina lako. Dai likizo ambayo hukuchukua, mshahara wa siku ulizofanya na saa zako za ziada kwa barua moja, na uombe cheti cha utumishi. Siku 60 zinaendelea kuhesabika hata ukiwa umeondoka.